Sweta ya Kioo

Mwalimu hakupenda kusalimiwa kabla hajamaliza kutazama. Ukiingia gereji yake pale Muthangari ukamkuta ameinua kipande cha kioo kuelekea mlangoni, jicho moja amelifumba, ulisimama kimya na mkoba wako mkononi mpaka akiteremshe. Hapo ndipo angekugeukia na kukuuliza habari za watoto, za mvua ya kwetu Ukambani, za mguu wa mama, kila kitu kwa utaratibu, kama vile ndiyo kwanza umefika. Wageni walisema ni kiburi. Mimi nilikaa naye miaka mingi na nakubali kwamba kiburi kilikuwepo, lakini zaidi aliogopa kupoteza alichokuwa amekiona.

Watu wa mtaa walimwita Mama Vioo. Sisi wanafunzi wake wa Jumamosi tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kusomesha shule yoyote. Alitufundisha kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi: kukata kioo vipande vipande kufuata mchoro, kuviunganisha kwa mikanda ya risasi, yale madini laini, kulehemu maungio, kupaka puti, kusugua. Alikuwa wa familia ya Wahindi wa hapa hapa Nairobi, na zaidi ya hapo sisemi kitu kuhusu asili yake. Yeye mwenyewe alichoka haraka na watu wa kuuliza babu zake walitoka kijiji gani. Alikuwa akiwajibu kwamba yeye ametoka jikoni, na chai iko tayari.

Tulikutana River Road. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kuchapa kadi za harusi na programu za mazishi, naye akaleta mchoro akitaka ukuzwe uwe na ukubwa wa mlango. Nikamkuzia. Alisimama pale kwenye kaunta, watu wanamsukuma na magunia yao, akaukagua mchoro mstari kwa mstari mpaka foleni nyuma yake ikaanza kununa. Kisha akaacha mchoro, akaanza kutazama mikono yangu nikiikunja karatasi.

"Mkono yako imetulia," akaniambia. "Kuja Jumamosi."

Hakuniuliza kama nataka. Jumamosi nilikwenda kwa udadisi tu, nikajikata kidole saa ya kwanza, akanifunga plasta na kunirudishia kisu cha kukatia kioo bila hata kusema pole. Pole zake aliiwekea redio. Kila mchana, matangazo ya vifo yakisomwa, alizima chuma cha kulehemu na kusikiliza majina ya watu asiowajua, wa vijiji asivyowahi kufika, na baada ya kila jina alisema "pole" kwa sauti ndogo. Sisi tulikuwa tunaangaliana na kubana kicheko. Siku hizi sicheki.

Kioo chake kingi hakikutoka dukani. Nyumba za zamani za Westlands na Spring Valley zilikuwa zinabomolewa moja moja kupisha magorofa, na Mwalimu alikuwa na pua ya kunusa vumbi la ubomoaji kutoka mbali. Alikwenda na viatu vya wazi na kofia ya jua, akamtafuta msimamizi, akampa mfuko wa chevda, vile vitafunio vya pilipili, kisha akaomba vioo vya bafu. Unavijua: vile vya kijani au rangi ya asali, vyenye mikunjo, ambavyo watu waliviweka zamani ili jirani asione mtu akioga. Wale vijana wa mjengo walimwambia mama, hizo ni takataka. Naye aliwashukuru kwa heshima zote na kuondoka na takataka zake zimefungwa kwenye blanketi. Mara moja nilimsindikiza, na njiani alikuwa akinionyesha mageti. Hapa palikuwa na kijani ya majani ya chai. Hapa palikuwa na zambarau, lakini wamevunja yote, washenzi. Aliukumbuka mtaa mzima kwa mabafu yake.

Alikuwa mkarimu na alikuwa mchoyo. Angekulisha mpaka uombe msamaha, lakini kipande cha kioo cha ukubwa wa kucha hakukupa. Alituhubiria uvumilivu na alikuwa na hasira za karibu. Siku moja mwanafunzi mwenzetu alikata kioo cha thamani upande usiofaa, na Mwalimu akatoka nje akasimama chini ya mpera na mgongo wake kwetu mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema tu, "Kioo haina haraka. Haraka ni yako." Tukaendelea.

Somo lake kubwa lilikuwa kuweka kioo nyuma ya kioo. Alisema kioo kimoja kina rangi yake, kimesema na kimemaliza. Ukikiwekea kingine mgongoni, mwanga unapita kwenye vyote viwili, na rangi inayotokea si ya hiki wala ya kile. Anga la jioni hulipati kwa kioo kimoja, wala maji ya mto, wala ngozi ya mtu. Kabla ya kuviunganisha tulivisafisha kwa siki, tukavipangusa kwa spiriti, tukavisugua kwa gazeti, halafu tukaziba kingo kwa utepe wa shaba, maana vumbi au alama ya kidole ikishafungiwa katikati haitoki tena. Alitukagua tukifanya hivyo kama mama anayekagua masikio ya watoto kabla ya kanisa.

Na sheria ilikuwa moja. Rangi ikikataa, toa kioo, jaribu kingine. Usiongeze. "Kila glasi inakula mwanga kidogo," alisema. "Ukiongeza na ukiongeza, mwisho unabaki na usiku." Mimi niliwahi kujaribu kuokoa ua langu jekundu kwa kulibandika kioo cha tatu, akanifanya nilibomoe lote, mbele ya wenzangu, huku machozi yananilenga.

Hapa ndipo paniumapo, kwa sababu dirisha la nyumbani kwake, lile la kwenye ngazi, lilikuwa linavunja sheria hiyo kila mwaka.

Lilikuwa dirisha refu linalotazama machweo. Lilionyesha geti la nyumba, vichaka, barabara ya udongo, na msichana mdogo amesimama getini na mgongo wake kwetu, akitazama nje kama anayesubiri basi la shule. Msichana hakuwa na uso. Nywele zake zilikuwa kioo cha kahawia, soksi zake nyeupe, na amevaa sweta. Kila kitu kingine kwenye dirisha lile kilikuwa cha kioo kimoja au viwili. Sweta ilikuwa na vioo sijui vingapi. Nilipoanza kwenda kwake ilikuwa bado inapitisha mwanga, kijani nzito yenye buluu ndani yake. Miaka ilivyokwenda ikawa inaingia giza zaidi na zaidi.

Yeye hakunieleza. Aliyenieleza ni Mzee wake, mfamasia mstaafu, mtu mpole aliyezungumza kama anayenong'oneza mgonjwa. Msichana alikuwa mtoto wao, wa pekee. Alikuwa darasa la sita. Homa ilimshika ghafla na haikumwacha. Sweta ilifumwa na bibi yake kwa nyuzi mbili kwa pamoja, wa kijani na wa buluu, kwa sababu hakuna uliotosha peke yake, na ikatoka na rangi ambayo hakuna mtu aliyejua jina lake. Mtoto hakutaka kuivua. Alilala nayo.

Kwao, siku za matanga zikiisha, nguo za marehemu hugawiwa wenye shida, ili roho isiendelee kuzitafuta. Mwalimu mwenyewe, akiwa amelala chumbani hawezi hata kunywa maji, alikubali zigawiwe. Mzee akazifunga, akazipeleka kwenye nyumba moja ya watoto yatima. Mwalimu alipoinuka kitandani na kufungua kabati, lilikuwa tupu. Mzee alirudi kule kesho yake kuiomba ile sweta, akakuta mtoto mmoja ameshaondoka nayo, amechukuliwa na jamaa zake, na hakuna aliyejua amekwenda wapi. Picha zilikuwepo, lakini picha za rangi za enzi zile zimegeuka zote kuwa rangi ya chai.

Mwalimu aligusia jambo hili mara moja tu, tukiwa tunaosha vioo kwenye karai, bila mimi kumuuliza. "Mimi nilisema peana nguo," aliniambia. "Sikusema peana hiyo." Halafu akasema mume wake hakukosea. Halafu akasema tena kwamba hakusema apeane hiyo.

Basi hicho ndicho alichokuwa anakitafuta: rangi ya sweta moja, kabla haijamtoka kichwani. Alianza na vioo viwili, kimoja kwa kila uzi: cha kijani kutoka bafu fulani la Westlands, na cha buluu kilichobaki alipokarabati dirisha la kanisa. Ilikaribia, akasema, lakini haikufika. Mwaka uliofuata, mwezi ule ule mtoto alipofariki, alipanda ngazi, akafungua nyaya za shaba zilizoishikilia sweta, akaongeza cha tatu mgongoni. Na kila mwaka hivyo hivyo. Kuchagua tu kile kioo kimoja kulimchukua wiki. Alikibeba kwenye mkoba, akakitoa benki, akakitoa sokoni, akakiweka kwenye jua la kila mahali.

Akimaliza alimwita Mzee. Mzee alisimama chini ya ngazi na miwani yake.

"Imefika?" Mwalimu aliuliza.

"Bado kidogo," Mzee alijibu.

Nililiona hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na mwishowe nikakasirika. Sweta ilikuwa inakuwa nyeusi na huyu mtu anasema bado kidogo. Siku moja nilimkuta barazani peke yake akimenya chungwa, nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba angemhurumia mkewe akamwambia imefika. Alimenya mpaka mwisho kwanza, akanipa nusu.

"Nikimwambia imefika," akasema, "kesho ataamka afanye nini?"

Nililila lile chungwa.

Binti yangu Mwende alipofika darasa la sita nilimpeleka gereji Jumamosi moja, sina pa kumwacha. Alikuwa amevaa sweta ya shule, ya kawaida, ya buluu ya kununua dukani. Mwalimu alimtazama kitambo. Kisha akamshika mabega taratibu, akamgeuza atazame mlango, na kumwambia asimame hivyo. Akaenda kwenye rafu, akaleta vipande vya kioo, akawa anavipitisha kimoja kimoja karibu na mgongo wa mtoto, jicho moja amelifumba. Mwende aliniuliza kwa macho anafanya nini huyu. Ilipoisha, Mwalimu alimpa peremende, akanivuta kando na kuniomba nisimlete tena mpaka awe mkubwa. Niliumia. Nilijiambia kwamba mtoto wangu si kipimo cha mtu. Tulikaa mwezi hivi bila mimi kwenda, halafu nikarudi, na alinipokea na habari za mvua ya Ukambani kama kawaida.

Wakati huo dirisha lilikuwa limeota kitambi. Jua la alasiri hulainisha risasi, na uzito wa vile vioo ulikuwa umeivuta sweta mbele mpaka ukipita ngazini unaona msichana ametunisha mgongo. Nilimwambia Mwalimu litaanguka. Akasema litaanguka yeye akiwa hayupo. Nikamwambia angeniadhibu mimi kwa kazi kama hiyo. Akakubali, bila aibu yoyote, kwamba angeniadhibu vikali sana. Ndivyo alivyokuwa, hoja hukumshinda nayo kwa sababu alikuachia ushinde.

Mzee alifariki usingizini, wakati wa baridi. Mwezi ule wa kawaida ulipofika, Mwalimu aliongeza kioo kama miaka yote, akashuka, akasimama chini ya ngazi pale Mzee alipokuwa akisimama, na hakuna mtu wa kumuuliza. Mimi nilikuwa nimeshika ile ngazi ya kupandia isiteleze. Aliangalia juu kwa muda, akakusanya vifaa, akaenda kupika. Mwaka uliofuata hakuongeza kitu.

Kisha nyumba ikaingia sokoni, kama nyumba zote za barabara ile. Dalali alikuja na wanunuzi, kijana na mkewe mwenye mimba, watu wazuri tu. Mwalimu akawatembeza mwenyewe kwa fimbo yake. Walipofika kwenye ngazi yule mama mjamzito alisimama, akalisifu dirisha, na kwa nia njema kabisa akauliza mbona mtoto amevaa nyeusi.

Mwalimu alisema samahani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mimi ndiye niliyemalizia kuwaonyesha jikoni.

Sikumwona tena mpaka aliponipigia simu wiki ya kuhama. Alikuwa anakwenda kuishi kwa mpwa wake Spring Valley, kwenye ghorofa, chumba chenye dirisha la alumini. Aliniambia nije na vifaa, dirisha la ngazi lishuke. Nilikwenda mchana, na mafundi wawili wa kunisaidia kubeba. Nyumba ilikuwa imeshatolewa mapazia na kila mtu akisema kitu sauti inamrudia. Yeye alikuwa amekonda. Bangili zilikuwa zinampanda mpaka kwenye kiwiko akiinua mkono.

Tulililaza dirisha kwenye meza ya gereji, juu ya kile kioo kikubwa cheupe chenye taa chini yake, tulichokuwa tukikitumia kupimia rangi. Mafundi wakaenda kunywa chai. Nikamwambia ukweli, kwamba kwa uzito ule hakuna dirisha la alumini litakaloibeba ile sweta, na risasi zimechoka, tukilisimamisha tena litafunguka.

"Toa," akasema.

Akavuta kiti, akakaa karibu na kiwiko changu. Nikalainisha lehemu, nikafungua mkanda, nikatoa kioo cha juu. Chini yake nyeusi ilikuwa nyeusi ile ile. Nikatoa kingine. Nilivipanga kwa zamu pembeni mwa meza, cha mwisho kwanza, na yeye alikuwa akivitaja kila kinapotoka: hii ni ya Kitisuru, hii ni ya ule mama mwenye mbwa, hii ilinifanya nilie sokoni. Katikati ya viwili vya zamani nilikuta unywele mmoja umefungiwa, mrefu, mweusi. Mwalimu aliyetukagua kama masikio ya watoto. Niliutoa kwa kibanio, nikautia kwenye sahani.

Mwanga ulianza kuja. Kwanza kama chupa ya dawa, halafu kijani ya kisima, halafu rangi ikawa inafunguka kila ninapoinua. Nilipofika kwenye viwili vya mwanzo nilisita, akanionyesha kwa kidole niendelee. Nikatoa cha buluu. Kikabaki kioo kimoja, kile cha kijani cha bafu la Westlands, na taa ikapita ndani yake moja kwa moja mpaka kwenye dari, na msichana akasimama getini na sweta nyepesi ya mtoto yeyote.

Mwalimu alifumba jicho moja. Akafumba la pili, akafungua lile la kwanza. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu, na mimi nilisubiri kama nilivyofundishwa.

"Wewe unaonaje?" akaniuliza.

"Mwalimu, mimi sikuiona hiyo sweta."

"Najua." Aliweka mkono wake juu ya kioo, vidole vyote, alama zote. "Mimi pia siioni tena. Nikifunga macho, naona dirisha tu."

Nilitaka kumshika, nikaogopa. Nje mafundi walikuwa wanacheka na vikombe vyao. Mwalimu alipangusa kioo kwa ncha ya sari, polepole, pale alipokuwa amekigusa.

"Hapana, iko wazi sana," akasema. "Atasikia baridi. Rudisha moja."

Nikavitazama vile vioo vyote vilivyopangwa mezani, miaka yake yote, nikamuuliza nirudishe kipi.

"Yoyote," akasema, na akageuza uso asione nitachukua kipi.